Kamera Imemgeukia Nani?



Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Isha, kamati ya msikiti wetu ilikaa kikao kilichovuka kiasi chake. Ajenda zilikuwa nne. Tatu za mwanzo, yaani tangi la maji ya udhu, michango ya mwisho wa mwezi na zamu za kufagia ua, zilikwisha kabla kahawa haijapoa. Ya nne ilituweka hadi karibu saa tano za usiku. Vijana wa darsa la Jumamosi walikuwa wameandika barua kuomba ukumbi wa madrasa ili waoneshe filamu. Haikuwa filamu ya mapigano wala ya mahaba. Ilikuwa ni filamu ya hali halisi, ile inayorekodi watu wa kweli wakisema maneno yao wenyewe pasi na maigizo. Ilitoka mwaka 2017, inaitwa White Right: Meeting the Enemy, na sehemu ya pili ya jina hilo maana yake ni kukutana na adui. Ndani yake wamo wazungu wa Marekani wanaovaa alama za Wanazi, na wanaosema bila kupepesa jicho kwamba watu wa rangi nyingine hawana haki katika nchi wanayoiita yao.

Mzee wetu mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa kikao, alitugeukia sisi tunaoshika kalamu ya kamati. "Katibu, mwanangu," alisema, "liandike swali langu kwa herufi za kusomeka. Mtu anayetamani msikiti wangu uvunjwe, mimi namkaribisha kwangu kwa lipi?"

Tukaliandika. Hatujaweka kituo, mama mmoja anayewakilisha akina mama akasema: "Na langu liandikwe chini yake. Kijana wa Kiislamu akifanya uovu, televisheni inatuonesha ndevu zake na bendera, basi. Kijana wa kwao akifanya uovu uleule, tunaoneshwa chumba alicholelewa, mama yake akilia, na mwalimu wake akisema alikuwa mpole. Kwa nini wao wapewe utoto, na wetu wanyimwe?"

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyotukesha. Ni maswali ya haki, na hayajibiwi kwa kupiga kura. Wiki hii tumeona tuyalete mbele ya familia zinazosoma ukurasa huu, kwa kuwa filamu za namna hiyo zimekuwa nyingi na vijana wetu wanazitazama, tukijua au tusijue.

Binti wa Oslo

Tuanze na aliyeitengeneza. Deeyah Khan alizaliwa Oslo, Norway, mwaka 1977, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Pakistani na Afghanistani. Uadilifu unatutaka tumseme kwa ukamilifu: utotoni na ujanani alikuwa mwimbaji, na vitisho vilivyomfanya aihame Norway akiwa na miaka 17 vilitoka kwa watu wa jamii yetu wenyewe, waliochukizwa na uimbaji wake. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyeonja chuki kutoka upande huu kabla hajaionja kutoka upande ule.

Mwaka 2016 alihojiwa na BBC, akasema kwamba Uingereza haitarudi kuwa nchi ya watu weupe peke yao, kwa kuwa imekwisha kuwa jamii ya mchanganyiko. Baada ya mahojiano hayo alimiminiwa matusi na vitisho vya kuuawa kupitia mitandao. Wengi wetu tungezima simu na kunyamaza. Yeye alifunga safari hadi Marekani, akawatafuta watu wa aina ile iliyokuwa ikimwandikia, akakaa nao kiti kwa kiti, akiwa ni mwanamke, mwenye ngozi ya kahawia na jina la Kiislamu. Miongoni mwao alikuwapo Jeff Schoep, aliyeliongoza kundi la Wanazi mamboleo liitwalo National Socialist Movement tangu mwaka 1994.

Safari hiyo ilimfikisha Charlottesville, katika jimbo la Virginia, Agosti 2017. Usiku wa tarehe 11, mamia ya wanaume wenye mienge waliandamana ndani ya chuo kikuu cha mji huo. Kisingizio kilikuwa ni kupinga kuondolewa kwa sanamu ya Robert E. Lee, jenerali aliyeyaongoza majeshi ya majimbo ya Kusini yaliyopigania kudumu kwa utumwa. Siku ya pili yake, mmoja wa wafuasi wao aliliingiza gari katika umati wa watu waliokuwa wakiwapinga, akamwua Heather Heyer, mwanamke wa miaka 32, na kujeruhi wengine wengi.

Tunaomba wazazi wazingatie jambo moja hapa. Wanaume wale walitoka majimbo mbalimbali, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana. Walikuwa wamepanga safari, mavazi na kauli zao katika mtandao wa Discord, ambao vijana wengi duniani huutumia kuzungumza wakati wa kucheza michezo ya video. Maandishi waliyoandikiana humo yalikuja kutumika mahakamani kama ushahidi, na Novemba 2021 waandaaji wakaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 25. Barabara ile ilitapakaa damu kwa jambo lililoanza kama soga za vyumbani.

Wanaojipamba mbele ya kamera

Mzee wetu alikuwa na hofu kwamba kumwonesha mtu ni kumtukuza. Hofu hiyo si ya wazee peke yao. Mwaka 2018 mtafiti wa Marekani aitwaye Whitney Phillips alitoa ripoti ndefu kuhusu waandishi wa habari na watu wa siasa kali za mrengo wa kulia. Kiini cha ripoti hiyo ni kwamba watu hawa huihesabu habari kuwa ni hewa ya kupumulia. Ukiwaandika kwa kuwalaani, wanafurahi. Ukiwaandika kwa kuwasifu, wanafurahi zaidi. Wanachokiogopa ni kutokuonekana.

Mfano wake upo. Novemba 2016, katika ukumbi mmoja jijini Washington, Richard Spencer alihutubia wafuasi wake, na baadhi yao wakanyoosha mikono kwa salamu ya Kinazi. Kamera zilikuwapo. Vipande vya tukio hilo vilizunguka dunia nzima kwa muda mfupi, na mtu ambaye watu wengi hawakuwa wakimjua akawa jina la kutajwa katika kila taarifa ya habari.

Lakini aliyerekodi tukio lile, Daniel Lombroso, ambaye kizazi chake kinatokana na Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi, hakuishia hapo. Aliendelea kumfuata Spencer na wenzake wawili, Mike Cernovich na Lauren Southern, kwa miaka kadhaa, akatoa filamu iitwayo White Noise mwaka 2020. Anayeitazama hadi mwisho haoni mashujaa. Anaona watu wanaohesabu idadi ya watazamaji wao kama muuza duka anavyohesabu chenji. Anamwona Spencer, aliyejinadi kuwa kiongozi wa taifa jipya, amerudi kuishi nyumbani kwa mama yake huko Montana. Kamera ya siku moja ilimpa jukwaa, na kamera iliyokaa miaka ikamvua joho.

Tofauti hiyo tuliiona tena kwa Christopher Cantwell. Katika filamu fupi ya kituo cha Vice kuhusu Charlottesville, mwandishi Elle Reeve anakaa naye, na yeye anajitapa, anatoa bunduki na bastola zake moja baada ya nyingine na kuzipanga. Siku chache baadaye, aliposikia kwamba huenda hati ya kukamatwa kwake imetolewa, alijirekodi mwenyewe akibubujikwa machozi na kueleza hofu yake. Kijana aliyekutana na kipande cha bunduki peke yake amepewa sumu. Aliyeviona vyote viwili amepewa somo.

Basi kipimo chetu cha kwanza ni hiki: filamu imekaa na mtu huyo kwa muda gani, na imemwuliza nini? Kama imempa kipaza sauti na kuondoka, imemtumikia. Kama imebaki mpaka pambo limedondoka, imetutumikia sisi.

Waliobadilika na wasiobadilika

Khan alibaki. Hakuwapigia kelele wala hakuwakubalia. Aliwaeleza jinsi maneno yao yanavyompata yeye, mtu aliye mbele yao, akawauliza kama wangemfukuza na yeye pia. Kuna mahali katika filamu ambapo mwanamume aliyezoea kuwasema Waislamu kama kundi anashindwa kulimaliza jibu lake, kwa sababu kundi limekuwa mtu, na mtu huyo amekwisha kuwa mgeni wake.

Tukiri jambo la aibu kidogo. Tulipoitazama filamu hii usiku, tukijiandaa kwa kikao, tulitarajia kukasirika. Tulikasirika kweli. Lakini palikuwa na dakika tulimhurumia mmoja wa watu wale, kisha tukajichukia kwa kumhurumia, tukaisimamisha filamu na kwenda kunywa maji.

Baada ya filamu kutoka, Ken Parker, aliyekuwa katika Ku Klux Klan kabla ya kuhamia kwa Wanazi mamboleo, aliliacha kundi lake. Alisema upole wa Khan ulimfanya aanze kujiuliza, kisha mchungaji mweusi aliyekuwa jirani yake akamkaribisha, na mwaka 2018 akabatizwa katika kanisa la watu weusi. Schoep naye alijitoa hadharani mwaka 2019, akiwataja Khan na mwanamuziki mweusi Daryl Davis kuwa miongoni mwa waliomzindua. Na filamu yenyewe ilipata tuzo ya Emmy mwaka 2018.

Hata hivyo, hatupendi kumwuzia msomaji matumaini ya bei rahisi. Waliogeuka ni wachache wa kuhesabika kwa vidole, na wengine walioketi mbele ya kamera ileile waliinuka wakiwa walivyokuwa. Isitoshe, si haki kumtaka kila aliyetukanwa aende kunywa chai na aliyemtukana. Khan aliuchagua mzigo ule kwa hiari yake, tena akiwa mtu mzima mwenye uzoefu. Binti yetu anayeishi Ulaya, anayevutwa mtandio wake ndani ya basi, hana deni la kumfundisha adabu anayemvuta.

Muuaji anaposhika kamera mwenyewe

Ilipofika saa nne unusu, kikao kilikuwa kinaelekea kuikataa barua. Hapo ndipo maalim wa madrasa, ambaye si msemaji, alipoomba nafasi. Alisema kuna kijana wa darasa lake, wa miaka 13, aliyemfuata baada ya kipindi akamwambia hapati usingizi. Alipoulizwa sababu, alisema ameona watu wakiuawa wakiwa msikitini, katika simu ya rafiki yake.

Ukumbi ulinyamaza. Kila mmoja alijua ni msikiti gani.

Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu mwenye silaha aliingia katika msikiti wa Al Noor katika mji wa Christchurch, New Zealand, kisha akaenda Kituo cha Kiislamu cha Linwood. Waliofariki kwa sababu yake ni waumini 51. Mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka 3, wa familia yenye asili ya Somalia. Jina la muuaji hatulitaji, kama alivyoazimia Jacinda Ardern, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo, mbele ya Bunge.

Mtu yule alijifunga kamera na kuyarusha mauaji mubashara kupitia Facebook. Kwa maelezo ya kampuni hiyo yenyewe, walioyatazama wakati yakitendeka hawakufika 200. Lakini ndani ya saa 24 za mwanzo, kampuni iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo, na kati ya hizo milioni 1.2 zilizuiwa zikiwa bado zinapandishwa. Aliua watu 51, na wakati huohuo alikuwa akitengeneza filamu. Watazamaji aliowakusudia walikuwa vijana waliokaa peke yao vyumbani, na mmoja wa waliomwiga, mwezi Mei 2022, aliua watu weusi 10 katika duka kubwa mjini Buffalo, Marekani, naye akirusha mubashara.

Hapa ndipo tulipoona kwamba swali la mzee wetu lilikuwa sahihi, ila limechelewa. Tulikuwa tukibishana kama watu hawa waingie ukumbini, na wao walikuwa wamekwisha kuingia mifukoni. Mtoto wetu alikuwa ameshaitazama filamu juu ya watu hawa, nayo ni ile iliyotengenezwa na muuaji mwenyewe, kwa jicho la muuaji, bila mtu mzima pembeni, na bila jina hata moja la waliouawa.

Kwa nini tuutazame utoto wao

Sasa turudi kwa mama yetu na swali lake. Serikali ya New Zealand iliunda tume ya uchunguzi ya hadhi ya juu kabisa, na ripoti yake ikatolewa mwishoni mwa mwaka 2020. Tume ilisimulia utoto wa muuaji. Ilieleza kwamba alikuwa na kompyuta chumbani mwake na intaneti isiyosimamiwa na mtu, kwamba michezo ya video ilimeza muda wake, na kwamba alipofika miaka 14 alikwisha kuanza kutembelea mtandao wa 4chan, ambako chuki huandikwa kwa mtindo wa utani. Yeye mwenyewe aliiambia tume kuwa YouTube ilimwathiri zaidi kuliko kurasa za siri za wenye siasa kali.

Tume haikuyasema hayo ili tumwonee huruma. Mtu huyo alihukumiwa Agosti 2020 kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka, adhabu ambayo haikuwa imewahi kutolewa katika nchi ile. Utoto wake ulielezwa ili wazazi wengine wajue njia ilipita wapi. Na njia hiyo, ndugu msomaji, haijali dini. Kabla ya filamu hii, mwaka 2015, Khan alitengeneza nyingine iitwayo Jihad, akizungumza na Waislamu wa Uingereza waliowahi kuingia katika makundi ya kigaidi au kuwaita wengine humo. Mmoja wao, Abu Muntasir, aliyepata kuwahamasisha vijana wengi kwenda vitani, analia mbele ya kamera kwa kukumbuka aliowapeleka. Khan amesema mara nyingi kwamba alichokisikia kwa makundi hayo mawili kilifanana: upweke, aibu, hasira isiyo na pa kwenda, na shauku ya kuitwa ndugu na mtu yeyote.

Hapa pwani yetu wapo wazazi wanaoyajua haya kwa machungu. Wamempoteza kijana aliyeondoka bila kuaga, kwa wito uliomfikia kwa jina la dini. Wazazi hao hawakuwahi kuulizwa na kamera yoyote mtoto wao alikuwa nani kabla ya kuondoka. Kwa hiyo mama yetu ana haki. Mizani imeinama, na tuendelee kuisema. Lakini dawa yake ni kudai kila mmoja atazamwe kwa ukamilifu, wetu na wao, wala haitapatikana kwa kuwanyima wao kile tulichonyimwa sisi. Katika Surat al-Maidah tumeamrishwa kwamba kuchukiwa na watu, au kuwachukia, kusitutoe katika uadilifu.

Na uadilifu una sharti lake la kwanza: aliyeuawa asimezwe na aliyemwua. Filamu inayompa muuaji utoto, ikamnyima maiti jina, imedhulumu. Husna Ahmed aliwatoa wanawake na watoto nje ya msikiti wa Al Noor, kisha akarudi kumfuata mumewe Farid, aliyekuwa katika kiti cha magurudumu, akapigwa risasi. Naeem Rashid alimrukia mwenye bunduki kwa mikono mitupu, akauawa, na mwanawe Talha akauawa pia. Abdul Aziz, kule Linwood, alimkabili akiwa na mashine ya kulipia kadi tu, akamfanya akimbie. Kijana wetu anayelijua jina la muuaji na hayajui majina haya, kuna aliyemfundisha kabla yetu.

Jumamosi ile

Kamati iliamua hivi. Filamu ioneshwe Jumamosi baada ya Alasiri. Aliye chini ya miaka 15 asiingie bila mzazi au mlezi. Kabla ya filamu, majina 51 ya mashahidi wa Christchurch yasomwe na waombewe. Baada yake, yawepo mazungumzo ya saa nzima, na kijana aruhusiwe kuuliza lolote. Kipande chochote cha video ya mauaji kisioneshwe, na aliyenacho akifute. Mzee wetu aliomba swali lake lisifutwe katika kumbukumbu. Halikufutwa.

Jumamosi iliyopita alikuja, akaketi safu ya mbele, bakora yake magotini. Kusoma majina kulichukua muda mrefu kuliko tulivyokadiria, kwa kuwa kila jina lilitamkwa pamoja na umri wake. Lilipofikia lile la miaka 3, akina mama walianza kujifuta machozi. Filamu ilipokwisha, swali la kwanza lilitoka kwa yule kijana wa miaka 13, aliyekaa karibu na baba yake. Aliuliza: "Yule mama hakuogopa?" Mzee ndiye aliyemjibu: "Aliogopa, mjukuu wangu. Umemwona mikono yake? Aliogopa na akakaa."

Watu walipokuwa wakikunja mikeka, baba wa kijana alitusogelea. Mpaka wiki ile hakuwa na habari ya alichokiona mwanawe. Maalim alikuwa amemweleza, kwa ridhaa ya mtoto. Alisema kwa sauti ya chini, "Katibu, simu nilimpa mimi. Nilimpa anyamaze, nipumzike."

Hatukuwa na la kumlaumu, maana nasi tuna watoto, na nasi tumechoka jioni nyingi. Tulimwambia lile tunalowaambia wasomaji wote. Muulize mtoto ameona nini, usimwulize amefanya nini. Mtoto akihofia kupokonywa simu, atanyamaza, na ukimya huo ndio mlango wanaopitia watu hawa. Akikuonesha utani unaomcheka mtu kwa rangi yake au dini yake, hata kama anayechekwa si wa kwetu, kaa naye umuulize kichekesho kiko wapi. Ikiwapo filamu ya watu wa namna hii, itazameni pamoja sebuleni, taa zikiwa zinawaka, na mjiulize kamera imemgeukia nani, na nani hakuoneshwa.

Baba yule aliondoka akiwa amemshika mwanawe bega. Maalim ametuarifu kuwa kijana amelala usiku mbili mfululizo, na wa tatu aliamka. Tunaendelea kumwombea, na wanaotusoma tunawaomba dua zenu pia.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.